Rangi ya Wifi

Nikianza na wifi yangu nitamaliza siku nzima na hasira, kwa hiyo naanza na mwanangu.

Mwanangu alikuja asubuhi, tumbo limemtangulia mlangoni, akajitupa kwenye kiti changu bila kuuliza, maana mwenye mimba haulizi. Nilikuwa kwenye mashine nafuma masweta ya shule. Ndiyo kazi inayonilisha: bluu ya giza, kijani cha chupa na ile nyekundu iliyoiva mpaka ikapitiliza. Mwaka nenda mwaka rudi ni rangi hizo hizo, hata nikifumba macho naona watoto wamepanga mstari.

"Mama, nataka unifumie blanketi la mtoto," akasema.

Nikaacha mashine pale pale. Mjukuu wangu wa kwanza! Tangu tumbo halijaonekana nilikuwa nangoja kuambiwa hivyo. Uzi wa sufu nilishauficha kabatini, mweupe, haujatiwa kitu, nangoja mama mtu aseme anataka rangi gani. Maana nyuma ya nyumba nina sufuria zangu za kutilia rangi, na siku nikizipasha moto hapo ndipo ninapojua kwamba mimi si mashine.

"Sema rangi, mwanangu. Yoyote."

Alifungua mkoba akatoa kipande cha karatasi nene, ile ya kupakia rangi za maji, katikati yake doa moja. "Hii. Hii hii, mama, usinibadilishie."

Nilijua kabla sijauliza, lakini nikauliza. "Nani kaipaka?"

"Shangazi."

Jamani, wivu. Wenzangu wanasema wa kwao huwachoma moyo. Mimi wangu hunikaba hapa kooni, sina pa kuumezea wala pa kuutemea. Yaani mtoto wa mtoto wangu atalala ndani ya kazi ya mikono yangu, na rangi iwe ya wifi!

"Na kama kazi zimekubana usijisumbue," mwanangu akaendelea, macho yakiwa kwenye viatu vyake. "Shangazi anamjua mtu anayefuma vizuri."

"Mtu wa kumfumia mjukuu wangu? Kwani mimi nimekufa?"

"Mama, usianze."

"Nimeanza nini? Lete hiyo karatasi."

Sasa wifi. Ni dada mkubwa wa mume wangu, hakujaliwa mtoto, na maisha yake yote amepaka rangi za maji. Anapaka maua, madirisha, birika, ukuta wa jirani, chochote kilichokaa kimya. Watu wakiingia kwake husimama katikati ya chumba wakasema, "Aa, huyu ni msanii." Wakiingia kwangu huuliza kama lipo sweta la darasa la kwanza. Sote wawili tunashinda na rangi mpaka kwenye kucha, lakini zake zinaitwa kipaji, zangu zinaitwa uchafu, nenda kaoge.

Na si kwamba mimi rangi nimezijua jana! Nikiwa mtoto nilimchovya kuku mweupe wa jirani kwenye buluu ya kufulia. Nilichapwa, nikalia, na katikati ya kulia nikageuka kumtazama tena yule kuku, maana kwa kweli alikuwa amependeza. Nilikuwa nalala na vipande vya vitambaa vilivyoanguka chini ya cherehani ya mama, nimevipanga chini ya mto kwa jinsi vinavyopatana. Kisha nikaolewa, nikaletwa mbele ya wifi nimevaa gauni nililolitia rangi mwenyewe. Akaniangalia juu mpaka chini akasema, "Zuri. Hiyo njano tu ingetulia kidogo." Hiyo njano mpaka leo sijaisahau.

Mwanangu alipozaliwa, kadogo, kekundu, wifi aliinama juu yake akasema, "Loo, kama tone la rangi." Basi likawa Tone. Jina nililompa mimi limebaki kwenye vyeti. Na mimi mwenyewe sokoni, kwa majirani, hata kwa mume wangu, naitwa Mama Tone. Hebu fikiria mtu anavyoishi: kila anayeniita ananiita kwa neno la wifi.

Chuo nacho kikawa karibu na kwake, si karibu na kwangu. Tone akahamia huko na begi lake na matandiko yake, akarudi anajua kulowesha karatasi, anajua kivuli cha kikombe cheupe kina rangi gani, na anacheka kama shangazi yake, kichwa nyuma. Kufuma alikuwa anajua, nilimfundisha mimi. Sikumwona akishika sindano tena.

Ndiyo nikasema moyoni, sawa. Nitaipata rangi yako, wifi, na nitaipita.

Nilibandika sufuria siku hiyo hiyo. Lile doa lilikuwa rangi ya ajabu, ukiitazama haraka ni ya waridi, ukiitazama vizuri ni ya machungwa, na chini yake kuna kitu cha maziwa, kama imepumzika. Nikachanganya rangi zangu za unga, nyekundu kidogo, njano kidogo, nikachovya kamba ya uzi, nikaianika. Uzi mbichi hudanganya, mpaka ukauke ndipo useme. Ulipokauka ulikuwa kama mwanasesere wa plastiki. Nikapunguza nyekundu. Safari hii ukatoka kama vizibao vya wale wanaochimba barabara. Nikatia kahawia ya kuutuliza, ukatulia kabisa, ukafa.

Kamba ya nguo ikajaa. Jirani akachungulia ukutani akauliza kama nafungua chekechea.

"Leo tunakula, au tunakula uzi?" mume wangu akauliza akiwa amesimama mlangoni mwa jiko. Sufuria ya wali nayo nilikuwa nimeichukua.

"Kuna mkate."

"Mama Tone, si umuulize tu dada alivyochanganya?"

"Nani amuulize nani?"

"Nimesema tu."

"Usiseme tu!"

Aliufuata mkate wake kimya. Nami nikabaki pale na mwiko wa rangi mkononi, karatasi ya wifi nimeibana ukutani kwa kibanio cha nguo, inanitazama. Kinachouma si kwamba ilikuwa nzuri. Kinachouma ni kwamba ilikuwa nzuri kwa namna ninayoipenda mimi. Kama ningeiona mahali pengine, haina mwenyewe, ningesema hii ni yangu, nimeipoteza wapi?

Siku zikaenda, tumbo la Tone likashuka, mimi sina hata mstari mmoja. Uzi mweupe ulikuwa unakaribia kuisha kwa majaribio. Mwisho nikavaa nguo ya kutokea nikaenda kwa wifi. Sikwenda kuuliza. Nilikwenda kusalimia, na nikiwa nasalimia macho yangu yatembee kwenye meza yake nione visahani vyake vina nini.

"Karibu, wifi! Leo umenikumbuka," akasema. Alikuwa na aproni imejaa madoa, miwani imepanda kwenye nywele. Meza yake iko chini ya dirisha, brashi zimesimama ndani ya makopo, na pembeni kuna kopo la maji ya kusuuzia na kikombe cha chai, karibu karibu. Nilikaa nikamwombea asuuzie brashi kwenye chai. Hakusuuzia.

Tuliulizana habari za nyumbani mpaka zikaisha.

"Na blanketi linaendaje?" akauliza.

"Linaenda."

"Ile rangi haikukutesa?"

"Initese kwa nini? Rangi tu."

Akacheka, kichwa nyuma. "Basi wewe ni fundi kweli. Mimi imenitesa miaka." Akavuta droo ya meza, na ndani, jamani, vipande vya karatasi vimejaa, kila kimoja kina doa lile lile na si lile lile. Kimoja kimezidi waridi, kimoja kina tope, kimoja kimekaribia kabisa halafu kikakosea. "Kile nilichompa Tone ndicho kilichokaribia kidogo. Hata hicho si chenyewe."

"Si chenyewe kwa nini?" nikauliza. "Kwani chenyewe kiko wapi?"

Alinishangaa. Akainuka, akaenda kwenye kiti chake cha kupumzikia pale pembeni, akatoa kilichokuwa kimekunjwa mgongoni. "Si hiki?"

Lilikuwa blanketi dogo, limelainika mpaka linaning'inia. Sikulijua. Mimi sikulijua! Nikalipokea, vidole vikatembea vyenyewe mpaka pembeni, vikafika kwenye kona moja ambayo uzi umebadilika ghafla ukawa mweupe, mgumu, uzi wa kushonea magunia. Hapo nikalijua. Nilikuwa na mimba ya Tone, uzi ukaniishia kabla sijafika mwisho, sina mwingine, nikamalizia na nilichokuwa nacho.

Lakini lile blanketi halikuwa la rangi hii. Uzi wake niliutia rangi kwa maganda ya vitunguu na kipande cha shabu ili rangi ishike, kama mama yangu alivyonionyesha, na lilitoka la machungwa, linapiga kelele, unaliona ukiwa barabarani. Tone alilikokota kila mahali. Lilifuliwa, likaanikwa, likatapikiwa, likafuliwa tena. Kumbe wakati wote ule lilikuwa linaelekea mahali. Hakuna aliyelitia rangi hii, si mimi wala si rangi za unga za duka lolote. Ilifika yenyewe kwa kufuliwa.

"Umelipata wapi?" nikamuuliza.

"Tone aliniachia siku aliyoondoka kwenda kuolewa. Alisema libaki na mimi."

Akuachie wewe. Angeweza kuniletea mimi, mimi niliyelifuma miguu imevimba, akaliacha kwenye kiti cha mtu mwingine. Nilitaka kulia na nilitaka kumpiga mtu, na pale ndani mtu alikuwa mmoja tu.

"Niambie, wifi," yeye akasema taratibu, kidole chake kikipita juu ya mishono. "Hii rangi uliifikiaje? Kila nikilitazama naona wivu. Mimi nina brashi na visahani chungu nzima, na wewe uliipata ndani ya sufuria."

Alisema wivu. Kwa mdomo wake! Unajua nilivyolisubiri neno hilo? Na lilipokuja nikashindwa kulifurahia, maana nilikuwa najua jibu na jibu halikuwa na sifa yoyote kwangu.

"Siri ya kazi," nikasema.

Akainamisha kichwa kwa heshima. Nikaona aibu kidogo, nikaikanyaga.

"Nalichukua," nikasema.

Mkono wake ulikuwa bado umeshika ile kona ya uzi wa magunia, na haukuachia. Mimi nikavuta kidogo. Yeye hakuvuta, lakini hakuachia.

"Utalifanyaje?"

"Nitalifumua. Nifume jipya kwa uzi ule ule."

Akaachia. Alirudi mezani, akachukua brashi iliyokuwa safi, akaanza kuisuuza, amenipa mgongo. "Sawa," akasema. "Ni lako." Niliondoka nimelikumbatia, nimeshinda, na mlangoni nikaona kwamba nimesahau kumuaga.

Nyumbani nilikaa uani nikatafuta mwisho wa uzi. Nilifumua mistari michache tu nikaona balaa. Jua na sabuni havikuwa vimefika kila mahali. Pale uzi unapopita chini ya mwenzake, ndani ya fundo, vitunguu vilikuwa bado vinawaka. Uzi uliotoka ulikuwa umefifia hapa, unawaka pale, umefifia, unawaka, urefu wa kidole kwa kidole. Ukiufuma upya hupati rangi ile, unapata madoadoa. Rangi ile ilikuwa kwenye blanketi lile, limefumwa vile vile lilivyofumwa, na hakuna pengine.

Nilikaa na bonge dogo la uzi mapajani nikatukana, si mtu, nilitukana tu. Kisha nikachukua sindano nikarudishia mistari niliyoifumua. Upande ule ukabaki na cheche za machungwa zinazochungulia. Kona ya uzi wa magunia niliiacha ilivyo. Nikalifua kwa mikono kama ninayefua yai, nikalianika kivulini. Moyoni nikasema, blanketi jipya hakuna, lakini hili ni langu kuanzia kitunguu cha kwanza, na wifi hana hata uzi mmoja ndani yake.

Tone akajifungua. Mume wangu alipiga simu akiwa analia, anasema salama, salama, mpaka nikamwuliza kama ana neno lingine. Nikachukua blanketi nikaenda hospitali saa ya kuona wagonjwa, natembea kifua mbele.

Nani amekaa kwenye kiti pekee kilicho karibu na kitanda? Huyo huyo.

Nilimsalimia mwanangu, nikambusu, nikatoa blanketi nikaliweka juu ya shuka. Tone alilitazama. Akalichukua kwa mikono miwili akajifunika nalo uso wote, akavuta pumzi ndefu, mabega yakaanza kutikisika. Nikangoja. Niliyangoja maneno yake kwa miezi yote ile.

Alipotoa uso, machozi yanamtiririka, akageukia kwenye kiti. "Shangazi, umelirudisha! Ahsante, shangazi."

Basi nikapasuka. "Shangazi kafanya nini? Shangazi kafuma? Mimi ndiye niliyelitia rangi! Mimi ndiye niliyelifuma, mimba yako imenikalia mbavuni! Yeye kalikalia kwenye kiti!"

"Mama, sauti," muuguzi akasema kutoka kitanda cha tatu. "Hapa kuna watoto wa leo."

"Najua, mama," Tone akasema.

"Unajua nini?"

"Najua ni wewe uliyelifuma. Ndilo nililolitaka. Sikutaka rangi ya shangazi, nilitaka hili." Alikuwa anapangusa macho kwa kona ya uzi wa magunia. "Lakini nilikuwa nimeshampa. Alikuwa anabaki peke yake nyumba nzima, nikamwachia. Sasa ningekuambiaje kwamba nilimpa shangazi blanketi lako? Ungenuna mpaka mtoto aote meno. Ndiyo nikamwomba anipakie rangi ya blanketi, wala sikumwambia kwamba wewe hujui liliko."

"Kwa hiyo ukanizunguka na karatasi."

"Huwa tunakuzunguka, mama," akasema, bila ubaya, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda dukani. "Baba, mimi, shangazi. Tumezoea."

Nilitazama mikono yangu. Nilimfikiria mume wangu anavyoufuata mkate kimya, na Tone alivyosema mbele yangu huku anatazama viatu. Nilidhani nilikuwa nalinda changu, kumbe watu wangu walikuwa wanapita kando ya ukuta niliojijengea.

Tone akamfunga mtoto ndani ya blanketi. Nikainama kumwona vizuri, na nikaona paji la uso la wifi. Lile lile, pana, limepanda juu, hakuna ubishi. Wifi naye akainama upande wa pili. Akalainisha sauti, akafungua mdomo, akasema, "Loo, kama..."

"Kitunguu!" nikasema haraka.

Wote wakanigeukia. Sijui lilitokea wapi, nilitaka tu liwe la kwangu, liwahi. "Anaitwa Kitunguu," nikasema. "Nimeshasema."

"Mama, Kitunguu?" Tone akasema. "Mimi niitwe Mama Kitunguu?"

Lakini wifi hakucheka. Alikuwa anatazama blanketi, anatazama zile cheche za machungwa nilizozirudishia, kisha akanitazama mimi. "Maganda," akasema polepole. "Miaka yote hii, maganda ya vitunguu."

Siri ya kazi ikaishia hapo. Nikasema basi na liwe. "Maganda na kufuliwa. Mimi uzi niliutoa sufuriani unawaka. Hii rangi imekuja kwa kufuliwa na kuanikwa." Nikamgeukia mwanangu, nimpe sifa yake. "Ulikuwa unalifua wewe kule chuoni?"

Tone akatikisa kichwa. "Mimi? Kufua? Shangazi alikuwa ananifulia."

"Kila Jumamosi," wifi akasema. "Nilikuwa nalianika pale dirishani, juani. Nilikuwa napenda kuliona."

Hapo ndipo nilipoelewa. Ile rangi niliyoihangaikia, niliyosema nimeipoteza wapi, ilikuwa ni maganda yangu na sabuni ya wifi. Ukimtoa mmoja wetu, haipo. Wifi alinitazama, nikaona kwamba ameelewa pamoja na mimi, na kwamba hatasema mpaka niseme mimi.

"Basi ulikuwa unafua vibaya," nikamwambia. "Rangi yangu yote umeitoa."

Tone alianza kucheka, kichwa nyuma, akajishika tumbo kwa maumivu. Wifi akapangusa miwani. Mtoto akakunja lile paji lake, akatafuta pa kulalia, akapata kwenye kona ya uzi wa magunia.

"Sogea huko," nikamwambia wifi. "Na mimi nikae."